Matundu Matatu Uliyotuachia Jikoni

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipoomba tukugeuze utazame ukuta wa jikoni. Tulikugeuza, ukautazama, na pumzi yako ikaishia hapo.

Juzi tulikaa mezani kukuandikia. Kalamu aliishika binti yako mkubwa, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Mwanao wa kiume alikuwa amefika kutoka kazini kwake mbali, ana uchovu wa safari, na kazi yake ilikuwa kukosoa. Dada yako, Shangazi yetu, alikalia kiti chenye mto. Mama hakukaa. Alisimama nyuma ya mwandishi, mikono kiunoni, akisoma kila neno kabla halijatulia kwenye karatasi.

"Anzeni kwa kusema alikuwa taa ya ukoo," Shangazi alisema.

"Taa gani, wifi?" Mama akamkata. "Taa ya chumbani iliungua, miezi sita hakuibadilisha. Alikuwa fundi bomba. Andika fundi bomba."

Basi tumeandika. Ulikuwa fundi bomba, Baba, miaka thelathini na mmoja, na katika mitaa hii ni majengo machache ambayo hukuwahi kulala chini ya sinki zake.

Watu walikuita Fundi Nyamazeni. Wasiokujua watauliza kwa nini, kwa hiyo tueleze. Ulikuwa na fimbo nyembamba ya chuma, ndefu kama mkono, yenye kitufe cha mbao upande mmoja. Maji yalipopotea ndani ya ukuta na hakuna aliyejua yanavujia wapi, uliitwa wewe. Uliweka ncha ya chuma ukutani, ukabana kitufe sikioni, ukasema, "Nyamazeni." Nyumba nzima ilinyamaza. Friji ilizimwa, redio ilizimwa, na aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Ulisogeza fimbo shibiri moja, ukasikiliza. Shibiri nyingine, ukasikiliza. Mwisho ulichora duara kwa chaki, ukagonga patasi mara chache, na maji yalikuwa pale pale. Mafundi wengine walibomoa ukuta mzima kutafuta tone moja. Wewe uliacha tundu la ukubwa wa sahani.

Ulivua viatu mlangoni kwa watu. Ulibeba kitambaa chako mwenyewe cha kupangusia sakafu, na ukimaliza ulisema, "Samahani kwa uchafu," hata pale ambapo uchafu ulikuwa wa wenye nyumba.

Tena ulikuwa na tabia moja ambayo Mama ametaka isemwe leo bila kuremba. Ulikuwa unaongea na Mungu kazini.

Si sala ya kupiga magoti hiyo. Wewe na Mungu mlikuwa mnapiga soga. Ulilala chali chini ya sinki, maji machafu yanakudondokea kidevuni, spana mkononi, na midomo inatembea. Aliyepita karibu alisikia mnong'ono tu, kama wa mtu anayezungumza na jirani kupitia ua. Hata nyumbani, ukiwa na kitu cha kutengeneza, ilikuwa hivyo hivyo. Lakini Mama akiingia tu, unanyamaza.

Hapo ndipo wivu ulipoanzia.

Tuseme wazi, kwa sababu mwenyewe ametupa ruhusa. Mama alikuwa na wivu, na haukuwa wivu wa masihara. Wanawake wengine huwaonea wivu wanawake wenzao. Mama aliwaonea hao pia, tutafika huko. Lakini wa kwanza kumkosesha raha alikuwa Mungu.

"Nimeolewa uke wenza bila kuambiwa," alikuwa akimwambia Shangazi. "Na mwenzangu hazeeki, hapiki, hafui, lakini ndiye anayeambiwa kila kitu. Mimi naambiwa chumvi imezidi."

Shangazi alikuwa akiziba masikio. "Wifi, unakufuru!"

"Sikufuru. Nalalamika. Na mimi niambiwe kinachosemwa huko, nitanyamaza."

Hata sisi, Baba, tunakulaumu kidogo. Ulirudi jioni, ukala, ukauliza habari za shule, ukasema "Vizuri," ukalala. Siku moja Mama aliyahesabu maneno yako yote tangu ulipoingia hadi ulipozima taa. Yalikuwa kumi na manne, na mawili kati ya hayo ni "Mheshimiwa," jina ulilompa tangu mlipooana, kwa sababu alipenda kutoa maagizo. Wakati huo huo kuna watu mitaani ambao wangeapa kwamba fundi wao ni mtu wa maneno mengi.

Kuna jambo hukulijua, au labda ulilijua. Mama alijaribu. Kwa miezi kadhaa alikuwa anatangulia ibadani kabla yako, anakaa mstari wa mbele, anafumba macho, anangoja aambiwe kitu. Hakuambiwa. Alisikia feni, alisikia kiti kinalia, alisikia mtu wa nyuma anakohoa. Nyumbani aliomba kwa saa maalumu, nyumba ikiwa imefagiwa na vyombo vimeoshwa, na bado palikuwa kimya. Alianza kuamini kwamba Mungu ana watu wake, wewe ni mmojawapo, na yeye hakuchaguliwa. Kilichomuuma zaidi ni mahali ulipokuwa unampatia.

"Mimi namfagilia, haji," alisema. "Mume wangu anampata kwenye bomba la choo lililoziba."

Wa pili kuonewa wivu alikuwa Mwalimu.

Huyu ni mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, lile jengo la njano linalotazamana na duka la dawa. Mjane, msafi, nyumba imejaa vitabu, na kifaa cha kusikia kimechomekwa sikioni. Mabomba yake yalikuwa ya zamani, na kila mwezi kilitengenezwa kitu kimoja kikaharibika kingine. Ulikuwa unakwenda asubuhi na kurudi mchana.

"Bomba gani hilo lisilopona?" Mama aliuliza.

"Limezeeka, Mheshimiwa."

"Na mwenye bomba je?"

Ulicheka, ukaendelea kula. Kicheko hicho kilimkera Mama wiki nzima, hasa kwa kuwa koki ya jikoni kwetu ilikuwa inadondoka mwaka wa pili, na kila siku unasema kesho.

Halafu ikaja habari ya mita.

Mama ndiye aliyegundua. Alifunga koki zote za nyumba, akatoka nje kuangalia mita ya maji, akakuta mshale bado unazunguka. Maji yalikuwa yanapotelea mahali ndani ya nyumba yetu. Mtu mwingine angesikitika. Mama alifurahi, Baba. Mwishowe ungefanya kazi nyumbani kwako. Alimaliza kupika mapema, akavaa lile gauni la bluu, akaweka stuli jikoni, akakaa kukutazama. Miaka yote watu wengine walikuwa wanakutazama kazini, sasa ilikuwa zamu yake.

Ukasema, "Nyamazeni," tukanyamaza. Ukasikiliza ukuta wa jikoni kidogo tu, ukachora duara. "Hapa. Yanakimbia sana." Patasi ikagonga, plasta ikaanguka, bomba likaonekana. Lilikuwa kavu. Ulilipapasa kwa kidole juu na chini. Kavu kabisa.

Ulikuwa hujawahi kukosea. Ulisimama pale, vumbi limekaa kwenye nyusi, ukaweka fimbo tena, upande wa kulia. "Hapa." Kavu. Mara ya tatu ulisikiliza karibu nusu saa, ukachora duara karibu na dirisha. Napo pakavu.

Uliitoa fimbo sikioni, lakini kichwa kikabaki kimeinama.

"Mheshimiwa," ulisema, "hata nikiiweka fimbo chini, bado nasikia maji."

Yalikuwa kichwani mwako. Daktari alitueleza baadaye kwamba ilikuwa damu yako mwenyewe, inapita kwa kelele karibu na sikio kwa sababu kuna kitu kimeota hapo kikaubana mshipa. Mtu mwingine angesikia kelele hiyo akaenda kutafuta dawa ya sikio. Wewe ulivunja ukuta.

Miezi iliyofuata haikuwa na kichwa wala miguu. Tulikwenda kwenye vipimo, tukangoja majibu, na majibu yakasema turudi kwa vipimo vingine. Daktari mmoja alisema tumaini lipo, mwingine alitazama karatasi bila kututazama sisi. Kitanda chako tulikileta sebuleni, kikaelekea mlango wa jikoni. Nyumba ya Mama iliyokuwa inang'aa ikajaa mabeseni, chupa za dawa, nguo za kufua, na vumbi la plasta ambalo kila akilipangusa linarudi. Matundu matatu hatukuyaziba. Kila siku palikuwa na jambo la haraka zaidi. Na kule nje mshale wa mita uliendelea kuzunguka, kwa sababu bomba lililokuwa linavuja kweli hatukulipata.

Wewe ulilala unaitazama fujo yote hiyo kwa utulivu. Siku moja Mama alikuwa anakuogesha, beseni likapinduka, shuka zikalowa, godoro likalowa, naye akaanza kulia kwa hasira. Ukamwambia, "Yupo hapa."

"Nani?"

"Yupo. Hapa hapa."

"Hapa wapi?" Mama akatazama huku na huku. "Kwenye beseni? Kwenye yale matundu? Aliye kwenye matundu yale ni panya, mume wangu, na leo nanunua mtego."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Naye akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Maana mlikuwa wote katika fujo moja, Baba. Nyumba ni ile ile, harufu ya dawa ni ile ile, majibu yasiyoeleweka ni yale yale, lakini wewe ulikuwa na mtu pamoja nawe, na yeye alikuwa peke yake. Wivu aliousikia siku ile, anasema, uliuzidi ule wote wa miaka ya nyuma.

Alitoka kuanika shuka. Akiwa uani alikusikia unanong'ona. Aliporudi ukanyamaza. Akaweka beseni chini, akakuuliza uso kwa uso.

"Unamwambia nini?"

"Mambo tu."

"Mambo gani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Niambie mimi."

Ulimshika mkono, ukaubana sana, ukafumba macho. Hukumwambia. Wiki mbili baadaye ukaomba tukugeuze utazame ukuta.

Hilo ndilo lililomkaa Mama kooni mwaka mzima. Alikulilia kama wote tulivyokulilia, lakini chini ya kilio palikuwa na donge jingine. Ulikuwa umeondoka na maneno yote, ukayapeleka kule kule yalikokuwa yanakwenda siku zote.

Mafundi wenzako walikuja, watu wema, wakajitolea kuziba matundu na kuutafuta ule mvujo. Mama aliwapa chai, akawashukuru, akawatoa. Binti yako alinyoosha mkono siku moja kuishusha fimbo yako kwenye msumari. "Usiiguse," Mama akasema. "Imezoea sikio lake." Kwa hiyo mwaka mzima tumeishi kwa kufunga koki kubwa ya nje, tunaifungua asubuhi na jioni, tunajaza ndoo, tunaifunga tena.

Na kila asubuhi Mama aliingia jikoni, akafunga mlango, akasimama mbele ya sinki akitazama matundu yako, akaanza kugomba. Tulimsikia kupitia mlangoni.

"Haya, umeshinda. Sasa unaye mzima mzima. Umefurahi? Goti limenivimba tena, nani atalikanda? Na huyu mwanangu wa kiume hapigi simu, unaliona hilo au huna habari? Na binti amekonda, anasema ni kazi, mimi siamini ni kazi. Na usinifikirie nimesahau. Sijasahau."

Aligomba kuhusu mvua na nguo zisizokauka. Aligomba kuhusu mbwa wa jirani. Tulipofungua mlango, alinyamaza.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nilikuwa naimba."

Mama haimbi. Shangazi alisema huzuni imemzidi, tumtafute kiongozi wa dini aje kumwombea. Mama akajibu kwamba mtu huyo akija atakunywa chai na kwenda zake. Nasi tukaacha, tukaamini kwamba Mama amekosana na Mungu moja kwa moja.

Sasa tusimulie ya juzi.

Tulikuwa tumefika pale kwenye viatu vyako vya mlangoni, kalamu iko katikati ya mstari, ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu. Amekuja kwa miguu yake na mkongojo, anahema, na mkononi ameshika kitambaa chako cha sakafu ulichokisahau kwake. Alikuwa amekifua. Alikuwa amekipiga pasi.

Mama alizitazama zile kingo zilizonyooka, macho yakawa madogo.

"Karibu Mwalimu," alisema, kwa sauti ya kumkaribisha mtu aondoke.

"Asante, dada. Nimekuja kwa kuwa mwaka unatimia. Na kuna jambo nimekaa nalo, nimeona si haki niendelee kukaa nalo."

Shangazi alisogeza kiti karibu mara moja. Mama alibaki amesimama.

"Fundi alidhani mimi ni kiziwi," Mwalimu alisema.

"Si unavaa hicho sikioni?"

"Navaa. Lakini nikipata wageni wa kuchosha nakizima, natabasamu tu. Siku ya kwanza alipokuja nilikuwa nimekizima, akanipigia kelele kwamba maji yamefurika, sikumsikia. Tangu hapo akaniweka katika kundi la wasiosikia kabisa. Akawa anaongea chini ya sinki langu bila wasiwasi. Na mimi nikawa nakiwasha kila akija. Naomba unisamehe. Nilipenda kumsikiliza."

Swali alilokuuliza wewe siku ile ya beseni likamtoka Mama tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anamwambia nini?"

"Wewe."

"Mimi nini?"

"Habari zako, dada. Miaka tisa alilala pale akamweleza Mungu habari zako. Najua goti linalokusumbua ni la kushoto. Najua unaogopa radi na unasema huogopi. Najua siku kuku wa jirani alipoingia kabatini mwenu, ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Kesho yake alikuja kwangu akashukuru kwa kicheko kile, akashukuru tena, na bomba langu linamwagika. Ikafika wakati mabomba yangu yakikaa muda mrefu bila kuharibika, nalegeza nati mwenyewe."

"Unalegeza?"

"Nina spana," Mwalimu alisema, akaangalia chini. "Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini sijui kama aliwahi kunitaja kwa mtu yeyote. Miaka tisa nimemwonea wivu mke wa fundi."

Mama alivuta kiti, akakaa. Siku nzima alikuwa hajakaa.

"Mbona nikiingia alikuwa ananyamaza?"

"Wewe ukiwa unamsema mtu," Mwalimu akamuuliza, "halafu mwenyewe akaingia, utaendelea?"

Mama alikichukua kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja.

"Kuna la mwisho," Mwalimu akasema. "Alikuja kwangu siku tatu baada ya kuvunja ukuta wenu, kabla hamjampeleka hospitali. Hakuwa sawa. Alifungua koki akidhani anaifunga. Akakaa sakafuni kwenye maji, akasema maneno ambayo niliyashika, maana kazi yangu ilikuwa kushika maneno. Alisema, 'Nikitangulia, Wewe hatakutafuta. Namjua, atakununia. Basi umtafute Wewe. Usimngoje kule mstari wa mbele, kule anakaa kwa adabu tu. Mfuate jikoni. Na akikugombeza usiondoke, ndivyo anavyozungumza na wa nyumbani.'"

Binti yako aliiweka kalamu chini, Baba. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiria mlango ule ule wa jikoni, na yale magomvi ya kila asubuhi. Mwanao wa kiume akafungua mdomo. "Mama, kwa hiyo kila asubuhi..."

"Nyamaza," Mama akasema.

Akainuka. Akaingia jikoni, nasi nyuma yake, Mwalimu na mkongojo wake nyuma yetu. Akaishusha fimbo yako kwenye msumari.

"Nendeni mkafungue koki ya nje."

Mwanao akakimbia, akafungua. Mama akabana kitufe cha mbao sikioni, akatugeukia.

"Nyamazeni!"

Lilitoka kama lako. Friji ilizimwa. Shangazi, aliyekuwa ameshaanza kuomba, akakata sala katikati ya neno. Mama akasikiliza ukuta, tundu la kwanza, la pili, la tatu, akatikisa kichwa. Akapiga magoti, na goti lake lile bovu, akaanza kusikiliza sakafu. Shibiri moja. Shibiri nyingine. Alipofika mbele ya sinki alikaa muda mrefu mno, mpaka tukaogopa kwamba naye anasikia kitu kilichomo kichwani mwake. Akaiondoa fimbo sikioni, akasubiri, akairudisha, ili ahakikishe.

"Yapo," alisema. "Hapa hapa."

Alichora duara. Ni pale pale, Baba, anaposimama kila asubuhi. Mwaka mzima alikuwa anagomba amesimama juu yake.

Binti yako alipiga patasi. Kigae cha pili kilipotoka, maji yakapanda na tope lake, yakatapakaa jikoni nzima. Palikuwa hapatazamiki. Sisi tukatawanyika, huyu anafunga koki, huyu anatafuta ndoo, huyu anatafuta matambara, Shangazi amepanda juu ya stuli. Tuliporudi, tulimkuta Mama bado amepiga magoti kwenye yale maji, gauni limelowa hadi kiunoni, mkono umo tunduni umeshika bomba, na anaongea.

"Kumbe ulikuwa unakuja," alikuwa anasema. "Mwaka mzima unakuja, hubishi hodi, huagi, nami nakugombeza nikidhani hupo. Ungekohoa basi. Na huyu Mwalimu, nimemchukia miaka tisa bure. Nisaidie nimpende, lakini polepole, maana kile kitambaa hakikuhitaji pasi. Na mume wangu umwambie nimeyapata maneno yake. Umwambie alipaswa kuniambia mimi. Umwambie goti limekandwa na maji ya baridi leo na limetulia."

Tuliingia na ndoo. Maji yalipiga kelele, mlango ukapiga kelele, Mwalimu akapiga chafya kwa lile vumbi. Mama alitutazama wote, mmoja mmoja, akaona tumesimama tunamsikiliza.

Hakunyamaza.

Bomba limeshazibwa, Baba. Fundi mwenzako alilimaliza jana, na mshale wa mita umetulia. Matundu mawili Mama amekubali yazibwe. Lile la dirishani amekataa, anasema bado ana matumizi nalo. Na ile koki inayodondoka hakuna ruhusa ya kuigusa, kwa sababu uliahidi utaitengeneza mwenyewe.

Shangazi alitaka tufunge kwa maneno ya faraja. Mama amechagua yake, na ametwambia tusibadilishe hata herufi: "Huyo uliye naye huko mwambie asizoee. Sikumpa mume. Nimemwazima, na nitakuja kumchukua. Na wewe huko ukiwa unanisema, safari hii sema kwa sauti, nami nisikie."

Tunaokukumbuka ni mkeo, Mheshimiwa. Binti yako mkubwa, aliyeandika. Mwanao wa kiume, ambaye sasa anapiga simu. Na dada yako, ambaye magauni yake yote yamepona tope. Yupo pia Mwalimu wa ghorofa ya tatu. Mama ameruhusu awekwe, ila awe wa mwisho.

Kila siku ya uhai wetu utakuwa midomoni mwetu, Fundi Nyamazeni. Safari hii hatutanyamaza.